Hasheem Thabeet

Hasheem Thabeet (jina la kuzaliwa: Hashim Thabit Manka, alizaliwa Dar es Salaam, 16 Februari 1987) ni mchezaji wa mpira wa kikapu kutoka nchini Tanzania. Anacheza nafasi ya senta na ana urefu wa mita 2.21, yaani futi 7 na inchi 3. Ni Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA ya Marekani, ambako alichaguliwa wa pili katika drafti ya mwaka 2009 na timu ya Memphis Grizzlies. Kabla ya hapo alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kwa miaka mitatu, akawa mmoja wa wazuiaji mitupo bora kabisa katika historia ya chuo hicho.

Katika NBA alicheza michezo 224 kati ya mwaka 2009 na 2014, akiwa na timu nne. Wastani wake ulikuwa pointi 2.2 na ribaundi 2.7 kwa mchezo. Takwimu hizo ni ndogo kwa mchezaji aliyechaguliwa wa pili, na kwa sababu hiyo jina lake hutajwa mara nyingi katika orodha za wachezaji ambao hawakufikia matarajio. Ziko sababu zilizoleta hali hiyo, na baadhi yake hazimhusu yeye peke yake.

== Kazi ya senta ==

Msomaji asiyeufahamu sana mchezo huu anahitaji kwanza kujua senta hufanya nini. Pete ya kikapu iko mita 3.05 kutoka sakafuni. Mlango wa kawaida wa nyumba zetu una urefu wa mita 2 hivi, kwa hiyo mtu wa mita 2.21 lazima ainame ili apite. Akisimama chini ya pete na kunyoosha mikono, anahitaji kuruka kidogo tu ili aishike. Mtu wa namna hiyo huwekwa karibu na kikapu, na kazi zake ni tatu: kufunga kwa karibu, kudaka mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa (ribaundi), na kuzuia mitupo ya wapinzani.

Kuzuia mtupo, ambako wachezaji wengi hukuita bloku, kuna sheria yake. Mpira unaruhusiwa kuguswa ukiwa bado unapanda. Ukishaanza kushuka kuelekea kikapuni, beki akiugusa pointi zinahesabiwa kana kwamba mpira umeingia. Kwa hiyo urefu peke yake hautoshi. Mzuiaji anatakiwa kujua mtupaji ataachia mpira wakati gani, na aruke bila kumgonga, kwa kuwa kumgonga ni faulo. Thabeet alikuwa hodari katika jambo hili tangu mwanzo, na ndilo lililomfikisha Marekani.

== Maisha ya awali ==

Thabeet alikulia Dar es Salaam. Kama vijana wengi wa Tanzania alianza na mpira wa miguu, na hakugusa mpira wa kikapu mpaka alipofika umri wa miaka 15. Kwa Ulaya au Marekani huo ni umri mkubwa sana wa kuanza. Wachezaji wengi wa kulipwa wa huko huanza wakiwa na miaka 6 au 8, na wanapofika 15 tayari wamecheza mamia ya mechi zenye makocha na waamuzi.

Hata hivyo haikuwa mara ya kwanza kwa Mwafrika kuanza akiwa amechelewa. Hakeem Olajuwon wa Nigeria naye alianza akiwa na miaka kama 15, baada ya kucheza mpira wa mikono na kudaka katika mpira wa miguu, na mwaka 1984 alichaguliwa wa kwanza katika drafti ya NBA. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alikwenda Marekani kusoma akiwa na nia ya kuwa daktari, akaishia kuwa beki bora wa NBA mara nne. Manute Bol wa Sudan, aliyekuwa na urefu wa mita 2.31, aliongoza ligi nzima kwa bloku katika msimu wake wa kwanza, 1985–86. Mifano hiyo iliwafanya Wamarekani wanaotafuta vipaji waamini kwamba kijana mrefu wa Kiafrika anaweza kufundishwa mchezo katika muda mfupi. Imani hiyo ilimfungulia Thabeet mlango, lakini pia ilimwekea kipimo kigumu.

Alipata nafasi ya kwenda Marekani akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Huko alihama shule zaidi ya mara moja kabla ya kumaliza mwaka 2006 katika shule ya Cypress Christian huko Houston, Texas. Katika miaka hiyo alikuwa akijifunza Kiingereza cha darasani, maisha mapya na mchezo wenyewe, vyote kwa pamoja, mbali na familia yake iliyobaki Dar es Salaam.

== Chuo Kikuu cha Connecticut (2006–2009) ==

Mwaka 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, kinachojulikana kwa kifupi kama UConn, katika mji mdogo wa Storrs. Timu ya chuo hicho ilifundishwa na Jim Calhoun, kocha mkali ambaye alikuwa ameshatwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 1999 na 2004. Senta wa kikosi cha 2004 alikuwa Emeka Okafor, ambaye naye alichaguliwa wa pili katika drafti. Thabeet alikuja kurithi nafasi hiyo.

Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 6.2, ribaundi 6.4 na bloku 3.8 kwa mchezo. Katika kushambulia alikuwa bado mwanafunzi, ila katika kulinda tayari alikuwa tishio. Msimu wa pili pointi zilipanda hadi 10.5 na bloku zikawa 4.5, akatajwa beki bora wa kanda ya Big East. Chama cha makocha wa vyuo, NABC, nacho kilimtaja beki bora wa Marekani nzima, na mwaka uliofuata kikamtaja tena.

Wengi walitegemea ataondoka kwenda NBA mwaka 2008. Alibaki chuoni mwaka mmoja zaidi, na huo ndio uliokuwa mwaka wake mzuri kuliko yote. Alipata wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mchezo mmoja. Kufikisha tarakimu mbili katika mambo matatu ni jambo gumu; kulifikia kwa njia ya bloku ni nadra zaidi, maana timu nyingi hazipati bloku 10 hata zikihesabu za wachezaji wote.

Msimu huohuo ulionyesha pia udhaifu wake. Tarehe 16 Februari 2009, siku aliyotimiza miaka 22, UConn ilikutana na Pittsburgh ikiwa inashika nafasi ya kwanza nchini. Senta wa Pittsburgh, DeJuan Blair, alikuwa mfupi kuliko Thabeet kwa zaidi ya sentimita 15, lakini alikuwa mpana na mwenye nguvu za miguu. Blair alimsukuma mbali na kikapu, akachukua ribaundi 23 na kufunga pointi 22, na katika tukio moja wakigombea mpira alimbeba Thabeet begani na kumwangusha. Pittsburgh ilishinda 76–68. Mwisho wa msimu wachezaji hao wawili waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East. Hata hivyo waliouangalia mchezo ule waliona tatizo ambalo lingerudi baadaye: Thabeet alikuwa mrefu, lakini mwili wake ulikuwa mwembamba juu na haukuwa imara katika kusukumana.

UConn ilimaliza msimu kwa ushindi mara 31 na kushindwa mara 5. Ilifika nusu fainali ya mashindano ya taifa huko Detroit, mbele ya watazamaji zaidi ya 70,000, ikafungwa na Michigan State 82–73. Kwa miaka mitatu Thabeet alikuwa amezuia mitupo 417. Ni Okafor peke yake aliyekuwa na nyingi zaidi katika historia ya chuo, 441.

== Drafti ya mwaka 2009 ==

Drafti ni utaratibu ambao timu za NBA hutumia kugawana wachezaji wapya. Timu zilizofanya vibaya huingizwa katika bahati nasibu, na zinazobahatika huchagua mwanzo. Mwaka 2009 Los Angeles Clippers ilipata nafasi ya kwanza, na Memphis Grizzlies, iliyokuwa imeshinda michezo 24 tu kati ya 82, ikapata ya pili. Tarehe 25 Juni Clippers walimchukua Blake Griffin, na Memphis wakamchukua Thabeet. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika huko kabla yake.

Baada yake walichaguliwa James Harden (nafasi ya 3), Tyreke Evans, Ricky Rubio, Jonny Flynn, na wa saba akawa Stephen Curry. Harden na Curry baadaye walikuja kuwa wachezaji bora wa NBA, na Curry alitwaa ubingwa mara kadhaa. Kila mara orodha hiyo inaposomwa jina la Thabeet hukaa juu ya majina yao, na kejeli nyingi zimetokana na hapo. Ni haki kukumbusha kwamba mchezaji hajichagui mwenyewe. Memphis iliamua hivyo ikiwa tayari na Marc Gasol, senta kijana kutoka Hispania aliyekuwa akipanda kwa kasi, jambo ambalo lilimaanisha kwamba Thabeet angekaa benchi hata kama angefanya vizuri.

== Miaka ya NBA (2009–2014) ==

Katika msimu wa kwanza alicheza michezo 68 na kuanza 13. Alipata dakika 13 hivi kwa mchezo, pointi 3.1, ribaundi 3.6 na bloku 1.3. Mwishoni mwa Februari 2010 Memphis ilimpeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo ya D-League yenye makao huko Bismarck, North Dakota, mahali ambapo mwezi huo theluji hufunika kila kitu. Nia ilikuwa kumpa dakika za kucheza. Lakini hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyekuwa amewahi kushushwa ligi hiyo, na habari hiyo ilisambaa kuliko mchezo wowote aliocheza.

Tarehe 24 Februari 2011 alibadilishwa kwenda Houston Rockets pamoja na DeMarre Carroll, Memphis ikimpata Shane Battier. Houston haikumtumia sana, ila ilimpeleka Rio Grande Valley Vipers, timu yake ya ligi ndogo. Tarehe 15 Machi 2012 alibadilishwa tena, safari hii kwenda Portland Trail Blazers, ambako alicheza michezo 15. Siku hiyohiyo Portland ilimfukuza kocha wake, na pia ikamwacha Greg Oden, senta mwingine mrefu aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2007 na kuharibiwa na maumivu ya magoti.

Kipindi chake kizuri zaidi katika NBA kilikuwa Oklahoma City Thunder, alikojiunga Julai 2012. Timu hiyo ilikuwa na Kevin Durant, Russell Westbrook na Serge Ibaka wa Kongo-Brazzaville, na ilishinda michezo 60 msimu huo. Thabeet alicheza 66, kwa kawaida akiingia kumpumzisha Kendrick Perkins. Haikuhitajika afunge, alitakiwa kulinda kikapu, kuweka kinga kwa wenzake na kutopoteza mpira, na alifanya hivyo kwa utulivu. Katika raundi ya pili ya mtoano Thunder walitolewa na Memphis, timu iliyomchagua, na mwaka huo Marc Gasol alitajwa beki bora wa ligi. Msimu uliofuata Oklahoma City ilimpata Steven Adams kutoka New Zealand, na michezo ya Thabeet ikapungua hadi 23.

Agosti 2014 alipelekwa Philadelphia 76ers, ambao walimwacha baada ya siku chache. Detroit Pistons walimchukua kwa maandalizi ya msimu, nao wakamwacha mwezi Oktoba. Alimalizia mwaka huo na Grand Rapids Drive katika D-League.

== Kwa nini mambo yalibadilika ==

Jibu la haraka linalotolewa ni kwamba hakuwa na bidii. Jibu hilo halielezi mengi. Yapo mambo yanayoonekana wazi zaidi.

La kwanza ni sheria. Katika mchezo wa vyuo vya Marekani, beki anaweza kusimama chini ya kikapu chake muda wote anaotaka. Thabeet alikuwa akisimama hapo kama mlinzi wa lango, na wapinzani waliogopa kuingia. NBA ina sheria, iliyoanza msimu wa 2001–02, inayomkataza beki kukaa ndani ya eneo la mbele ya kikapu zaidi ya sekunde tatu kama hayuko karibu na mtu anayemkaba. Kwa hiyo ilimlazimu atoke, arudi, atoke tena. Kazi ya mtu wa kusimama ikageuka kuwa kazi ya mtu wa kukimbia.

La pili ni mwelekeo wa mchezo wenyewe. Msimu alioingia, timu ya NBA ilitupa mitupo ya pointi tatu kama 18 kwa mchezo. Miaka tisa baadaye idadi hiyo ilikuwa 32. Mingi ya mitupo hiyo hufanyika zaidi ya mita 7 kutoka kikapuni, mahali ambapo senta wa kusimama chini ya pete hana msaada. Masenta waliobaki katika ligi ni wale walioweza kutoka nje kukaba, kupiga pasi au kutupa kwa mbali. Curry, aliyechaguliwa nafasi tano nyuma ya Thabeet, ndiye aliyeongoza mabadiliko hayo kuliko mtu mwingine yeyote.

La tatu, na pengine lenye uzito kuliko yote, ni miaka. Tuangalie Arvydas Sabonis wa Lithuania, senta mwenye urefu uleule wa mita 2.21. Sabonis alizaliwa Kaunas mwaka 1964, katika nchi ndogo ambako mpira wa kikapu ndio mchezo unaopendwa kuliko yote. Alicheza tangu utotoni, akatwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1988 akiwa na Umoja wa Kisovyeti, kisha ya shaba mara mbili na Lithuania. Alipoingia NBA mwaka 1995, na Portland, alikuwa na miaka 30 na miguu iliyochoka kwa majeraha. Hakuweza kuruka. Hata hivyo alitamba, kwa sababu alijua kupiga pasi, kutupa na kusoma mchezo. Žydrūnas Ilgauskas, Mlithuania mwingine mwenye urefu huohuo na aliyetoka Kaunas pia, alipona mivunjiko ya mguu na kucheza Cleveland kwa miaka mingi. Thabeet alipoingia NBA alikuwa na miaka 22, na tangu aushike mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza ilikuwa imepita miaka saba tu. Urefu aliupata bure kama wenzake hao, lakini ujuzi wa mikono na macho unahitaji muda ambao hakuupata.

Ukipiga hesabu kwa dakika, si kwa mchezo, sura nyingine inajitokeza. Alicheza dakika 10 hivi kwa mchezo, na kwa kiwango chake cha bloku ingekuwa karibu bloku 3 kwa kila dakika 36. Katika kazi aliyoijua, alibaki kuwa mzuri hadi siku ya mwisho.

== Asia na kurudi nyumbani ==

Baada ya NBA aliendelea kucheza katika nchi mbalimbali. Mwaka 2017 alijiunga na Yokohama B-Corsairs ya Japani. Msimu wa 2020–21 alicheza Taiwani na Hsinchu JKO Lioneers, katika ligi mpya ya P. League+. Huko urefu wake ulirudi kuwa silaha kubwa, kwa kuwa wachezaji wengi wa ligi hiyo ni wafupi kuliko wa Marekani. Baadaye amevaa pia jezi ya Dar City, timu ya Dar es Salaam iliyowania nafasi katika Ligi ya Kikapu ya Afrika (BAL), iliyoanza kuchezwa Kigali mwaka 2021.

== Nafasi yake nchini Tanzania ==

Mpira wa kikapu nchini Tanzania unasimamiwa na Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania (TBF), na nguvu yake kubwa iko Dar es Salaam, kwenye klabu kama Vijana, Pazi, Savio na JKT. Nje ya hapo mchezo huishi zaidi katika shule za sekondari na mashindano ya UMISSETA. Katika mkoa kama Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na makao yake yakiwa Bariadi, mtoto mrefu wa Maswa au Meatu kwa kawaida huwekwa golini au kwenye wavu wa voliboli, kwa sababu ndivyo viwanja vilivyopo. Uwanja wa kikapu unahitaji sakafu ngumu na ubao imara. Mpira huu haudundi kwenye mchanga.

Thabeet alipochaguliwa mwaka 2009, watu wengi ambao hawakuwahi kuona mchezo wa kikapu walisikia jina lake redioni, na likawa kipimo cha urefu katika mazungumzo ya mitaani: kijana akizidi wenzake kimo, huitwa Hasheem. Jirani zetu wa Kongo wameshatoa wachezaji kadhaa wa NBA, akiwemo Bismack Biyombo wa Lubumbashi, aliyechaguliwa wa saba mwaka 2011. Kwa upande wa Tanzania, Thabeet ndiye aliyefungua ukurasa huo.